Karatasi ya Kifua

Kiwanda ya betoni iko nyuma ya kiwanja yetu hapa Bunia, ukuta moja tu kati yetu. Asubuhi wanamwanga mawe na simenti ndani ya mashini, na vumbi inapita juu ya ukuta bila kupiga hodi. Miye nauzishaka samaki ya ziwa, ya Kasenyi. Wateja walianza kuniuliza kama ninazipaka unga. Nilitukana ile mashini kila siku, lakini matusi yangu haikuisimamisha hata mara moja.

Vumbi niliizoea. Shida ilikuwa mudogo wangu. Alinifikia kutoka Djugu, kijiji yao imechomwa na watu wa bunduki, bwana yake hatujui iko wapi. Mashini ikianza kusaga mawe, anaingia chini ya kitanda na kuniita miye dada yake mukubwa: "Yaya, lala chini. Wanakuja." Ninamuambia ni mashini. Ananijibu polepole, sawa vile unasemesha mutoto: "Ndiyo, yaya, ni mashini. Lala chini." Halali, hakuli, anashinda akihesabu milango ya kukimbilia. Niliogopa nitamupoteza ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siye watu wa soko tuko na mutuele ya afya: kila mwezi tunachanga, na mutu akiugua, mutuele inalipa lopitali. Basi nilimupeleka. Mama muuguzi wa kupokea wagonjwa alifuata karatasi ya masharti yao na kidole. Malaria, ndiyo. Kuzaa, ndiyo. Kifua, ndiyo. Kichwa, hapana.

"Mutuele haijui ugonjwa ya kichwa, ya akili, mama," aliniambia. "Mumupeleke ku chumba ya maombi."

Tulikuwa tumetoka kule. Walimufungisha siku tatu bila chakula, akarudi amekonda tu.

Yule mama aliniangalia vumbi ku nguo, akashusha sauti. "Kwenu si karibu na kiwanda? Akikohoa, namuandika kifua. Akisha kuingia, munganga atamuangalia mwili yote." Nani angekataa? Wazee wanasema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nilijiambia siye hatufiche kitu, tunabadilisha tu jina. Ku benchi ya inje nilimufundisha mudogo wangu kukohoa. Nilimuonyesha: sauti itoke chini, mukono kwa kifua. Alishika somo haraka. Tulicheka siye wawili, na ilikuwa mara ya kwanza nisikie akicheka tangu afike kwangu. Ile kicheko inaniuma mpaka leo.

Alipewa siro ya kikohozi na vidonge. Munganga alikuwa na wagonjwa mpaka ku mulango. Aliangalia karatasi, hakuangalia mutu. Karatasi ilisema kifua, basi akatibiwa kifua, mwezi kwa mwezi. Siku moja nilijikaza: "Munganga, hata kichwa yake..." Akasema tumalize kwanza hii. Nikabeba siro yangu, nikarudi nyumbani.

Baadaye wadepite wa bunge ya jimbo walikuja ku kartie, ku mutaa yetu, wamevaa mashati meupe, wakasimama mbali na vumbi. Walisema sheria mbili ziko mezani. Moja italazimisha viwanda vya betoni kufunika mashini na kumwanga maji. Ingine italazimisha mutuele kulipa ugonjwa ya kichwa. Kwa hiyo ya pili nilipiga mikono mpaka ikaniwaka. Halafu wakataka kuona wagonjwa wa vumbi, na lopitali ilikuwa imewapa majina. Jina ya mudogo wangu ilikuwa ndani. Wakamuomba aeleze hali yake. Akakohoa vizuri sana, watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Miye ningesema nini, kwamba tulidanganya?

Sheria ya kwanza ilipita. Ya pili, walisema, itasomwa kikao ingine. Vikao vimekuja vimeenda. Kiwanda ilifunika mashini na mabati, inamwanga maji, vumbi imepungua kweli. Majirani walinishukuru, eti mudogo wako ametusaidia. Lakini hakuna mutu aliyeandika sheria ya kelele. Mawe inasagwa kama zamani, naye anaingia chini ya kitanda kama zamani. Lopitali, yenyewe, iliandika ku karatasi yake: amepona.

Juma iliyopita alipita munganga wa kichwa, anatoka mbali, alipokea watu bure siku moja tu. Nilimuvalisha mudogo wangu kikwembe yangu ya kanisa, nikaomba Mungu njia yote. Ule munganga alikuwa mutu wa kweli. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu, akamuuliza: "Mama, nini inakusumbua?"

Mudogo wangu aliweka mukono kwa kifua, akakohoa.

Nikamuambia, "Hapana, mudogo wangu. Leo sema yote. Sema ya kule Djugu."

Akakohoa tena, na nguvu zaidi, mpaka machozi ikamutoka. Halafu alinigeukia, akaniuliza kama amekohoa vizuri.