Kamera ya Kuangalia Watu

Wengine wenu mmeshaiona ile video, najua, kwa sababu ilizunguka mpaka ikamfikia shemeji yangu aliyeko Kahama, lakini mliyoiona ni nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyomuumiza mtu asiye na kosa na kuniaibisha mimi, kwa hiyo leo naisimulia yote, na nikimaliza mkitaka kunicheka mnicheke.

Kwanza mjue kwamba mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Kahama, na Kahama ni tambarare kama meza. Unafika, unavuta hendibreki, unafunga mlango, unaenda zako. Hapa Kibagabaga, mtaa wa mlimani ninapoishi sasa baada ya kurudi kwetu, nyumba yetu haina nafasi ya gari ndani ya ua, kwa hiyo gari langu (la zamani, la gia za mkono) linalala barabarani kwenye mteremko, pua ikiangalia juu. Chini kidogo, barabara inapokata kona, upande wa pili, ndiko anakoishi Mzee Sudi, fundi cherehani, ambaye hushona kibarazani kwake tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Yeye ni mzaliwa wa Nyamirambo, kule kunakosemwa Kiswahili, Mwislamu, na mtaa mzima ndiye peke yake aliyekuwa akinisalimia kwa Kiswahili. Nikipita ananiambia, "Kahama, za leo?" nami namwamkia shikamoo, na siku inakuwa nyepesi, maana Kinyarwanda changu watu bado wanakicheka.

Basi, vifuniko vya magurudumu ya nyuma vikapotea, kwanza kimoja, baada ya wiki mbili na cha pili. Nikaapa nitamkamata mwizi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepeleka gari Gatsata kwa fundi wangu, akaniambia waya wa hendibreki umelegea, niubadilishe, na kwamba katika mji huu wa milima gari haliachwi hivihivi, linaachwa kwenye gia. Nikamwambia mwezi ujao. Nikamwambia gari langu halijawahi kunikimbia, linaibiwa tu (hapo ndipo nilipopotea, mniwekee alama). Nikatoka Gatsata moja kwa moja mpaka mjini kununua kamera.

Dada wa dukani akaniwekea tatu mezani. Moja inageuza shingo. Ya pili ina spika, yaani mtu akisimama kwenye gari lako unamsemesha wewe ukiwa sebuleni, naye anakujibu. Ya tatu ni bubu lakini inaona mbali, uso wa mtu unausoma mpaka makunyanzi. Kuhusu ile ya spika nilicheka, nikasema mimi na mwizi hatuna maongezi. Yule dada akaniuliza, "Wewe unataka kuangalia gari ao watu?"

"Watu," nikamjibu. "Gari nalijua."

Nikachukua ile bubu. Nilipoifunga juu ya ukuta, ua wa miti ukawa unaziba chini, gari linaonekana kuanzia madirishani kwenda juu. Mke wangu Claudine akauliza mbona magurudumu hayaonekani, wakati vilivyoibiwa ni vya magurudumu, nikamwambia mwizi haibi bila kichwa. Nilijiona nimejibu jibu la maana sana.

Siku ya tatu, jua limeshazama, nimekaa nakula, simu ikatetemeka, kamera inaniita. Kufungua, namwona Mzee Sudi na kofia yake nyeupe, anatoka msikitini. Anafika nyuma ya gari langu, anainama, anapotea. Anainuka, anapangusa mikono, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, halafu anavuka barabara haraka. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile, mtu anatoka kumsujudia Mungu anakuja kuinama kwenye gari langu. Nawaambia ukweli, hasira ilikuwa ndogo, maumivu ndiyo yalikuwa makubwa, kwa sababu nilianza kuamini kwamba hata ile salamu ya Kiswahili ilikuwa ya kunizoea ili aniibie vizuri.

Claudine akasema niende nikamuulize, ni hatua thelathini tu. Nikamjibu kwamba mwenye ushahidi haulizi. Ijumaa jioni nikaitupa ile video kwenye kundi la simu la majirani, nikaandika chini yake, "Majirani, mnamtambua huyu?" (mimi ninayemtambua kuliko wote).

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, magari yamesimama, kila mtu yuko nje na jembe au fagio anasafisha mtaa, halafu baada ya kazi ni mkutano. Tukapangiwa mtaro wa mbele ya kwetu. Mimi, kwa kutaka nionekane raia mwema kabla sijamshtaki mwenzangu, nilifanya kazi kama punda. Nyuma ya tairi la gari langu nikakuta jiwe kubwa. Nikasonya, nikasema watu wa mtaa huu mpaka mawe wanatupa barabarani, nikalibeba kwa mikono yangu miwili nikalitupa kwenye rundo la taka na kupangusa mikono. Gari lilikaa palepale, halikusogea.

Mkutano ulikuwa juu kidogo, mbele ya ofisi ya mudugudu, yaani ya serikali ya mtaa. Mkuu wetu, Mama Aline, alikuwa ameshaiona video. Alinivuta pembeni akanisihi nimwendee mzee nyumbani kwanza, tukae watatu, tuyamalize. Nikakataa. Nikasema jambo la mtaa lisemwe mbele ya mtaa. Nikasimama, nikalisema, kwa Kinyarwanda changu kile kinachochechemea, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mzee Sudi alikuwa amekaa mstari wa mbele, jembe juu ya magoti. Simu yangu ikapita mkono kwa mkono, kila mtu anaangalia simu, halafu anamwangalia yeye. Ilipomfikia aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, hakuona kitu, kwa sababu miwani yake ya kushonea ilibaki nyumbani, wala hakuna aliyejitolea kumweleza. Akainua macho akanitazama.

"Kahama," akasema, "kweli?"

Simu ikarudi kwa Mama Aline, na ikiwa mkononi mwake ikatetemeka. Alifungua akidhani ni video ileile, akakunja uso, akasimama. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama anayemweleza mtoto, "Gari yako iko inarudi nyuma."

Niliangalia. Gari langu, tupu, linashuka kinyumenyume bila haraka, kioo cha nyuma kikatoka kwenye picha, halafu cha mbele, ikabaki barabara peke yake. Kisha tukausikia mshindo kwa masikio yetu wote.

Tulikimbia. Lilikuwa limekata kona kwa namna yake na kuingia kwenye kibaraza cha Mzee Sudi. Benchi la wateja limevunjika, cherehani imelala ubavu, gurudumu lake limepinda, vitenge vya watu viko chini kwenye vumbi. Hakuna aliyeumia, kwa sababu tulikuwa kwenye umuganda. Siku nyingine yoyote, saa ile, angekuwa amekaa pale anashona, mgongo ukiwa mlimani. Nikashika nguzo.

Yeye alifika mwisho, anatembea taratibu. Aliitazama cherehani, hakuigusa. Akapanda mpaka pale gari lilipokuwa limeegeshwa, akainama, akatafuta chini kwa macho, sote tunamwangalia.

"Jiwe yangu iko wapi?"

"Jiwe gani, mzee?"

"Ile naweka kwa tairi yako kila mangaribi. Niliona gari inashuka kidogo kidogo. Sikutaka kukuambia mbele ya watu kama haujui kuegesha."

Mimi mikono yangu bado ilikuwa na vumbi la lile jiwe. Na kule kuangalia kushoto na kulia, mzee wa watu alikuwa anaangalia pikipiki asigongwe akivuka. Alinisitiri aibu yangu jioni zote zile, mimi nikaenda kumvua nguo mchana mbele ya mtaa mzima.

Cherehani niliipeleka kutengenezwa, kibaraza tulikijenga upya, na umuganda uliofuata nilisimama palepale nikaomba radhi mbele ya walewale. Akasimama akasema amesamehe, na naamini amesamehe. Lakini video nilipoifuta kwenye kundi ilikuwa imeshatoka zamani. Mteja wake mmoja, mama wa Gisimenti, alituma mtu kuchukua vitenge vyake kabla havijashonwa. Nilimfuata mpaka kwake, nikamweleza yote, akanisikiliza vizuri, akasema ameshapata fundi mwingine. Vifuniko vyangu mpaka leo sijui vilikwenda wapi, nadhani vilidondoka vyenyewe kwenye mashimo.

Waya wa hendibreki umebadilishwa. Kamera niliishusha, iko juu ya kabati. Na nimeapa, tena kwa jina la mama yangu, kwamba sitamsimamisha mtu mbele ya watu kabla sijabisha hodi mlangoni kwake, hata kama ushahidi wangu una kichwa, macho na makunyanzi.

Lile jiwe nililifuata kwenye rundo la taka. Sasa kila jioni naliweka mwenyewe nyuma ya tairi, na mara nyingi nakuwa bado nimeinama pale Mzee Sudi anapopita akitoka msikitini. Husimama, huligusa kwa mguu kuona kama limeshika, kisha hunisalimia kwa Kinyarwanda, kama anavyomsalimia kila mtu. "Mwiriwe." Namwitikia, "Mwiriwe neza, mzee." Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anavuka. Kahama hajaniita tena.