Mvi za Kulwa

Mwenye kucheka na acheke. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuchungulia seli kwenye darubini, na sina sababu ya kukupotezea muda kwa uzushi. Haya niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Tabora, tena jua likiwaka.

Pacha wangu Kulwa alikufa kwa ugonjwa wa misuli ambao hakuna daktari aliyeupatia jina. Ulianza miguuni, ukapanda taratibu mpaka kifuani. Kabla hajafa alininyooshea mkono, akasema, "Doto, chukueni ngozi yangu mkaipande huko kwenu. Mtafute kinachonila, kisije kikamla Nyamizi." Nyamizi ni binti yake, wakati huo ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Kipande kilikatwa hospitalini, nikaenda nacho Dar es Salaam, kwenye maabara yetu. Kulwa tukamzika, lakini seli zake ziliendelea kugawanyika mle maabara, nami nikizilisha kila wiki kama mtu anayefuga vifaranga. Utafiti wangu wote ukawa juu yake.

Mwaka wa tatu nilirudi kupalilia kaburi. Liko shambani kwetu, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji. Nikamkuta mtu amelikalia, anamenya karanga. Alikuwa Kulwa. Niamini. Ila kichwa kilijaa mvi, na uso ulikuwa na makunyanzi kama wa baba. Kulwa tuliyemzika hakuwa na unywele mmoja mweupe.

"Wenzangu huku hawazeeki," alisema, hakuinua macho. "Mimi tu ndiye nazeeka. Kuna kitu changu bado kinaishi kwenu. Kizime, nipumzike."

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nililia, nikamwahidi. Nilipofuta machozi hapakuwa na mtu.

Kulwa alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, na maisha yake yote hakuwahi kuniona bila kunidai shikamoo, kwa utani. Yule hakunidai. Nililikumbuka hilo nikirudi Dar, basi lilipofika Nzega, nikalipuuza. Kesho yake nilitoa vichupa vyake vyote, vya kwenye friza na vile nilivyokuwa nikivilisha, nikavimwagia dawa ya kuua seli.

Sasa Nyamizi anasoma, na ameanza kuanguka njiani akitoka shule. Akiinuka anajishika mapaja kwanza, vilevile kama baba yake. Tumechukua ngozi yake, lakini ya baba ya kulinganishia hatuna, na kazi yote ya miaka ile imeanza upya. Mtoto hana miaka hiyo. Juzi aliniuliza, "Shangazi, ile dawa ya baba mmefika wapi?" Nikamwambia tunaitafuta. Moyo unaniuma mpaka leo.

Yule wa kaburini sijui alikuwa nani. Labda alikuwa Kulwa kweli, amechoka. Lakini nawe, marehemu wako akikutokea na kukuomba jambo, usikimbilie kumtii. Kumbuka kwanza alichokuomba akiwa hai.