Madoadoa Huku, Mistari Kule

Bibi Pima hakuamini kitu ambacho hakijajaribishwa. Nguo ya mteja aliishikiza kwanza kwa uzi mweupe, mishono mirefu mirefu ya kufumuliwa baadaye, akamvalisha mwenyewe, akamzungusha kama anayekagua gunia la viazi sokoni, ndipo akaketi kwenye cherehani na kuishona kweli. Tabia hiyo ilimfanya fundi wa kuaminika na jirani wa kuchosha. Siku kochi jipya lilipoletwa, aliupima mlango, akalipima kochi, na wabebaji wakasimama juani wakitokwa jasho mpaka aliporidhika. Utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akiwa anakula.

Mwanawe, dereva wa lori, aliachana na mke wa kwanza binti yao akiwa bado anatambaa. Alipotangaza kwamba anataka kuoa tena, Bibi Pima hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu huyo mchumba awe anakuja kula, tena mara kwa mara, tuone kama inakaa mabegani. Ikakaa. Mchumba alikuwa muuguzi, mcheshi, mwenye kipaji cha kusinzia popote akitoka zamu, hata akiwa ameshika kijiko. Bibi Pima akampenda, ndoa ikafungwa.

Sasa, muuguzi alikuja na binti yake. Na huyo binti hakuna aliyekumbuka kumjaribisha.

Mjukuu wa damu aliitwa Redio, na sababu haihitaji maelezo. Ni Redio huyo huyo aliyempa mwenzake jina la Mpole, siku ya kwanza tu, kabla hata mabegi hayajafunguliwa. Mpole alikuwa na adabu za kutisha. Aliomba ruhusa ya kunywa maji. Aliomba ruhusa ya kufungua dirisha. Asubuhi alikunja shuka lake likakaa kama bado liko dukani, kisha anapita chumba cha mbele, ilipo cherehani, anasimama wima na kusema, "Shikamoo, fundi."

Fundi! Kama mtu aliyeleta zipu iliyokwama.

Bibi Pima aliitikia marahaba akarudi kwenye mshono wake. Redio alikuwa akiiba vifungo kwenye kopo, anafukuzwa, anaitwa we mtoto we, na baada ya muda mfupi anarudi kuiba vingine. Mpole hakuwahi kugombezwa hata siku moja, maana hakuwa na kosa, na jambo hilo lilimkera Bibi Pima kuliko cherehani inayoruka mishono. Alitaka kitu kimoja tu: yule mtoto amwite Bibi. Mkamwana wake alijitolea kumwelekeza binti yake, lakini Bibi Pima alikataa katakata.

"Mwanangu, bibi wa kuamrishwa simtaki," alisema. "Nitaonekana nimeomba kazi."

Bahati ikamwangukia. Siku za kuzaliwa za wasichana hao ziliangukia wiki moja, na Redio alikuwa ametoka kwenye sherehe ya mwanafunzi mwenzake ambako kila kitu, hadi karatasi za kufutia mikono, kilikuwa na sura ya katuni fulani. Naye alitaka hivyo hivyo. Bibi Pima alisema hashoni sura ya mtu asiyemfahamu. Ila chini ya meza yake kulikuwa na gunia la vipande vya nguo lililojaa kwa miaka yote ya ufundi wake, na kichwa chake kikaanza kukata na kupima. Wafanye sherehe ya michoro. Kila mtoto aje amevaa kitambaa chenye mchoro, wowote ule, hata shati la baba yake. Atakayekuja na nguo tupu atabandikwa kipande mlangoni kwa pini.

"Madoadoa!" akasema Redio. "Kila kitu madoadoa, Bibi. Na keki. Na mimi usoni."

Mpole akaulizwa naye anataka mchoro gani. Aliliangalia gunia kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Wowote tu, fundi. Usio na kazi nyingi."

Hilo ni jibu la mteja mwenye huruma, na Bibi Pima alilipokea kama mteja anavyopokelewa: akamchagulia mwenyewe. Mistari, bluu na nyeupe. Na ili asije mtu akasema mjukuu wa damu amependelewa, aliamua kila kitu kiende nusu kwa nusu. Kitambaa cha meza, nusu madoadoa, nusu mistari, mshono ukipita katikati umenyooka kama barabara ya lami. Kofia, bendera za kuning'iniza, hadi foronya za mito. Aliipima meza, akaipima upya, akaweka alama ya chaki pale katikati.

Keki iliachiwa jirani yake, mwoka keki, mwanamke aliyehudhuria sherehe nyingi za watoto na hakubakiwa na adabu hata kidogo. Alipoelezwa mpango, aliweka mikono kiunoni.

"Shoga yangu, hii ni siku ya kuzaliwa au ni mechi? Refa nani?"

Bibi Pima akamjibu kwamba refa ni yeye mwenyewe, na keki igawanywe katikati.

"Nitaigawa kwa rula. Sasa mtoto wa mistari akitamani kipande cha madoadoa, atagongewa muhuri wapi?"

Akaambiwa aende akachunge unga wake.

Jumamosi moja kabla ya sherehe, Bibi Pima aliijaribisha. Ndiyo, sherehe nzima. Akatandika kitambaa cha meza, akatundika bendera, akapanga sahani bila chakula, akawaita wahusika. Mwanawe alilazimishwa kusimama mlangoni awe ndiye wageni. Muuguzi alilazimishwa kuwa keki, kazi aliyoifanya vizuri sana, kwa sababu aliwekwa kitini mwisho wa meza na papo hapo akalala.

Redio aliingia ndani ya gauni lake la madoadoa akazunguka mpaka akagonga kabati. Mpole aliingia ndani ya mistari yake akasimama mikono imetanuka kidogo, jinsi watu wanavyosimama wakipimwa.

"Asante, fundi. Imenikaa vizuri."

Na ilikuwa imemkaa vizuri kweli. Kisha akalivua, akalikunja, akauliza aliweke wapi lisichafuke. Walipokaa mezani, Redio alikaa upande wa madoadoa na Mpole upande wa mistari, kama walivyopangiwa, na katikati yao ule mshono ulionyooka. Redio alitaka kupitisha kofia kwa mwenzake, akasita, akamuuliza Bibi kama inaruhusiwa. Redio, wa kuuliza ruhusa! Bibi Pima aliutazama mshono wake akaona mpaka, pakakosekana tu askari na kizuizi cha kuinua na kushusha. Maneno ya mwoka keki yakamrudia, na hakuna kitu kinachouma kama jirani wa namna ile kusema kweli.

Alichukua pochi, akasema anakwenda kununua uzi, ingawa uzi ulikuwapo, na akatoka apate hewa.

Hapa lazima utajwe mkasi. Bibi Pima alikuwa na mkasi mmoja mkubwa, mzito, wenye mpini mweusi, na sheria yake moja tu: unakata nguo. Karatasi haugusi, maana karatasi hula makali, na mkasi usio na makali hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Mwanawe aliwahi kujalidia daftari nao alipokuwa mdogo, na mpaka leo, mwanamume mzima mwenye leseni ya magari makubwa, akipita karibu na ile droo huweka mikono mfukoni.

Bibi Pima aliporudi, alisikia sauti tangu barazani. Krach. Krach. Fundi wa miaka yote ile hahitaji kuambiwa. Sauti ya kitambaa ni laini. Ile ilikuwa karatasi, tena karatasi ngumu ya kaki.

Aliingia kama upepo. Redio ameshika karatasi kwa mikono miwili, ameikaza vizuri, na mkasi uko mkononi mwa Mpole.

"We mtoto we!" alisema Bibi Pima. "Nani kakutuma? Huo ni wa nguo! Umewahi kuniona mimi nakata gazeti na huo? Weka chini! Kesho nikate kitambaa cha mtu na nini, na meno? Mikono inawasha? Kaitie kwenye beseni la vyombo basi, viko vingi!"

Muuguzi akazinduka pale mwisho wa meza. Mwanawe akatoa mikono mfukoni, akairudisha. Mpole aliuweka mkasi mezani taratibu sana, akaangalia vidole vya miguu yake. Bibi Pima akasikia maneno yake yote yamerudi kumzunguka. Miezi yote amejizuia, na sasa amebomoa kwa pumzi moja. Leo mtoto atakunja na shuka na nguo zote, atasubiri mlangoni kama abiria.

"Lakini Bibi," akasema Mpole, bado anaangalia chini, "Redio ndiye kanipa."

"Mwongo!" akasema Redio.

"Ulisema Bibi hatajua!"

"Nilisema hatajua akichelewa!"

Wakaanza kusukumana kwa viwiko. Bibi Pima akajikuta hajui aketi au asimame. Akatafuta uso wa mkamwana wake, naye alikuwa ameziba mdomo kwa kofia ya nusu madoadoa. Hapo Bibi Pima akafanya jambo la busara: akaendelea kugombeza. Aliwagombeza wote wawili kwa pamoja, kwa utamu, akarudia yale ya meno na ya beseni, asije mtu akaona kwamba amefurahi.

Alipochoka akaokota ile karatasi. Ilikuwa imekatwa kwa kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama meno ya msumeno, haikosi hata jino.

"Hiki nini?"

"Zigizaga," akasema Mpole. "Ni ya kutundika dirishani."

"Ndiyo uliyokuwa unaitaka siku ile nilipokuuliza?"

Mpole akatikisa kichwa kukubali. "Nilidhani ni ngumu kushona."

Bibi Pima alichekea puani. Akakivuta kitambaa cha meza, vikombe vikaokolewa na muuguzi, akachukua kifumulio na kuufumua ule mshono wa katikati toka mwanzo hadi mwisho. Karatasi ya Mpole ikawa ndiyo kielelezo. Akailaza juu ya madoadoa, akaichora kwa chaki, akailaza juu ya mistari, akaichora tena. Na kusema kweli ilikuwa ngumu. Kila kona ilitaka kuvuta na kukunjamana, na sindano ikavunjika. Hilo hakulitamka.

Usiwaze kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata Mpole alisimama mlangoni akasema "Shikamoo," akaishia hapo, kama anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole. Bibi Pima akaitikia na kuendelea na kazi. Lile "Bibi" la jana alilichukua kama mshono wa kushikiza: umeonyesha nguo itakavyokaa, lakini bado hujashona. Aliwapa adhabu ya pamoja ya kupeleka mkasi kwa mnoaji, wakatoka wameufunga kwenye kipande cha kitambaa cha drafti, wakigombania nani aubebe. Sauti zao zilisikika mpaka kona.

Siku ya sherehe watoto walikuja na michoro ya kila aina. Mmoja alivaa tai ya babu yake peke yake juu ya fulana tupu, akapita bila kubandikwa. Keki ilikuwa imeshagawanywa kwa rula, na mwoka keki, baada ya kusimuliwa kisa cha mkasi, alichovya kisu kwenye krimu akauvuruga ule mstari wa katikati mbele ya watu wote, akasema sasa mpaka umefunguliwa na hadai shukrani. Redio alikuwa na madoadoa usoni. Mpole alivaa mistari yake, na pindo lote la chini limeongezwa zigizaga nyekundu, kitambaa alichokitoa mwenyewe gunia zima likiwa limemwagwa sakafuni bila ruhusa ya mtu.

Katikati ya kelele, yule wa tai alitaka kukata kamba ya puto. Akaona mpini mweusi kwenye ukingo wa meza ya cherehani, akanyoosha mkono.

"Wee! Acha huo!" Haikuwa sauti ya Redio. "Huo ni wa nguo tu. Bibi yetu ana meno, usimwone vile."

Bibi Pima alikuwa mlangoni na sinia la juisi. Hakuingia. Alisimama palepale, akisubiri asikie kama lile "Bibi" litarudiwa.

"Bibi, juisi!" akapaza Redio kutoka ndani.

Na nyuma yake sauti ya pili, ikilalamika bila haya: "Bibi, kwani umeenda kuikamua?"

Ndipo akaingia, akinung'unika kwamba watoto wa nyumba hii hawana adabu hata mmoja.