Dhahabu Chini ya Mlingoti

Dhahabu ikiwa karibu na uso wa ardhi, huvuta moto wa plagi na injini inazimika palepale. Niliamini jambo hilo kwa moyo wote, mimi niliyehitimu masomo ya jioni na cheti nimekitundika ukutani juu ya kitanda. Aliyenieleza alikuwa mpangaji mwenzangu, mchimbaji aliyetoka Shinyanga kuifuata dhahabu ya Tarime, na alikuwa akieleza huku anakula ugali wangu.

Wakati huo nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, mtunza mazingira wa shule ya msingi kule Nyarero. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Nyasi za uwanjani zilikuwa ndefu kiasi kwamba mbuzi akiingia asubuhi, anatoka na wajukuu. Shule ilikuwa imepata mashine ya petroli ya kufyekea, ile ya kubeba begani yenye uzi wa nailoni. Siku ya kwanza ilinimwagia petroli mgongoni, ikitoka kwenye kifuniko cha tanki. Nikafanya anachofanya kila mwenye pikipiki kwetu: nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha kwa mate, nikapaka kifuniko chote mpaka kikakauka.

Jumatatu niliiwasha stoo, ikanguruma kama fahali. Kufika kwenye mlingoti wa bendera, kimya. Nikavuta kamba ya kuwashia mara elfu. Wapi! Nikairudisha stoo, nikafungua tanki kuangalia mafuta. Yapo. Nikafunga, nikavuta mara moja, ikawaka. Nikaenda nayo tena. Mlingotini, kimya.

Jumanne nikasugua plagi kwa msasa. Jumatano nikafungua kabureta, nikaipuliza kwa mdomo hadi masikio yakaziba. Kila mara stoo inawaka, mlingotini inakufa. Jioni nikamsimulia mpangaji mwenzangu. Tonge likasimama hewani.

"Mlingotini tu?"

"Hapo hapo, kila siku."

"Usimwambie mtu," akasema, kisha akanieleza ya dhahabu na moto wa plagi.

Alhamisi asubuhi nikakuta wanaume sita na mitalimbo wamesimama nje ya uzio, wanaitazama bendera kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona hata siku ya sherehe ya taifa. Mpangaji mwenzangu alikuwa katikati yao, anatazama viatu vyake.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, akaniita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, wale wanataka nini kwenye mlingoti wangu?"

Nikimwambia kuna dhahabu, uwanja utachimbwa kabla wazazi hawajafika. Nikinyamaza, mashine haifanyi kazi.

"Wanaangalia mazingira, mwalimu."

"Mazingira gani? Nyasi?" Akavua miwani. "Nisikilize. Kesho jioni nyasi hizi zikiwa zimesimama, Jumatatu usijisumbue kuja."

Sikulala. Nilijiona narudi kwa baba kuchunga ng'ombe, na cheti changu nimekifunga kwenye mkia wa dume. Alfajiri nikapanda bodaboda mpaka Tarime mjini, mashine nimeikumbatia kama mgonjwa, nikaenda kwa fundi mmoja mzee, mwenye asili ya Tanga, anayetengeneza pikipiki jirani na msikiti. Nikamweleza yote, ya plagi, ya kabureta, na ya dhahabu nikamnong'oneza.

Hakucheka. Akaipindua mashine, akaupitisha ukucha juu ya kifuniko.

"Hii nini?"

"Sabuni, mzee. Ilikuwa inavuja."

"Kutoka stoo mpaka huo mlingoti ni mwendo wa dakika ngapi?"

"Kama nne hivi."

"Na ukirudi stoo unafungua tanki?"

"Nafungua, naangalia mafuta."

Akachukua sindano, akachokoa sabuni katikati ya kifuniko mpaka kitundu kidogo kikaonekana. Akafunga, akawasha, akaiacha ingurume huku anakunywa kikombe kizima cha kahawa taratibu. Mimi nahesabu dakika, jasho linanitoka. Nne zikapita. Kumi zikapita. Akaizima mwenyewe.

"Hakuna dhahabu, kijana. Kitundu hiki ni cha kuingiza hewa. Umekiziba, tanki halipati hewa, petroli haishuki, injini inazima baada ya dakika nne popote utakapokuwa. Ukifungua kifuniko hewa inaingia, ndiyo maana inawaka tena. Na ilimwagika kwa sababu uliijaza mpaka mdomoni. Bado ni saa tatu asubuhi. Nenda kakate nyasi."