Doa Chini ya Dirisha la Mkuu

Waliivunja stesheni yetu kwa siku mbili. Sisi tuliitunza miaka arobaini, wao wakaimaliza kwa siku mbili, na humo humo wakapata nafasi ya kulala mchana. Mahali pake wakasimamisha jengo la vioo. Likipata vumbi asubuhi, kuna mtu analipwa alifute kabla ya adhuhuri. Siku hizi kitu hakiruhusiwi kuzeeka. Kikianza tu, kinatupwa, na aliyekitunza anatupwa pamoja nacho.

Aliyekataa ni mmoja tu, jirani yangu Kipimo. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana ya reli, kwa kuwa hakuwahi kukata ubao kabla ya kuupima mara tatu. Alikuwa seremala wa majengo: milango, madirisha, paa, na chochote kilichovuja. Mimi nilikuwa karani wa tiketi. Shule aliiacha darasa la nne, mimi la tano. Niliyoyajua mimi niliyasoma kwenye magazeti yaliyoachwa na abiria mabehewani; aliyoyajua yeye aliyasoma kwenye mbao. Naona yeye alisoma vitabu bora. Milango aliyoitengeneza ilifungwa kwa kidole. Ya siku hizi ukiipiga teke inakuomba radhi.

Basi Kipimo akaamua kuijenga stesheni upya, juu ya meza ya chakula.

"Na sisi tutakula wapi?" mkewe, shemeji yangu, akamuuliza.

"Mapajani. Abiria wote hula hivyo."

Kuta alizikata kwenye maboksi ya viatu, akagundisha tabaka tatu tatu. Mbao za milango zilikuwa njiti za kiberiti, kila moja imekwanguliwa kwa wembe. Vioo vilitoka kwenye plastiki ya boksi la shati. Mabati aliyapata kwa kukandamiza karatasi ya aluminiamu juu ya kitana mpaka ikaota migongo. Shemeji alikitafuta kitana chake wiki nzima, na alipokipata hakukitaka tena.

Ramani haikuwepo. Kilichokuwepo ni picha moja ya siku aliyostaafu Mkuu wa stesheni, amesimama wima mbele ya ofisi yake, kofia kichwani. Kipimo aliujua urefu wa Mkuu, futi tano na inchi mbili, kwa sababu ndiye aliyemwongezea kiti miguu. Akaufanya urefu huo kuwa rula: mlango ni Mkuu mmoja na robo, ukuta ni Wakuu wawili, paa ni Wakuu watatu na nusu. Jengo likatoka dogo. Mlango wa ghala, ambao wapagazi walikuwa wakiupita na mizigo kichwani, ukatoka wa kuinama. Akailaumu kadibodi. Akayalaumu macho yake. Mwisho akaja kwangu na kioo cha kukuzia, tukaiinamia ile picha pamoja. Nyuma ya chungu cha maua, chini ya viatu vya Mkuu, palikuwa na kona ya kreti la soda.

"Miezi miwili!" Kipimo akapiga paja. "Miezi miwili najenga kwa kipimo cha mtu na kreti!"

Akabomoa, akaanza upya.

Jengo lilipokamilika liling'aa, na kwake hiyo ilikuwa nusu tu ya kazi. "Stesheni hii mimi sikuwahi kuiona mpya," alisema. "Siku niliyoajiriwa ilikuwa imeshachoka." Akachukua chuma cha kusugulia sufuria, akakiloweka ndani ya siki siku tano, yakatoka maji ya kutu, akayadondosha juu ya mabati tone kwa tone, kuanzia penye misumari. Masizi aliyakwangua chini ya masufuria, akayapuliza ukingoni mwa paa, upande ule injini zilikosimama kupumua. Kisha akachovya brashi rangini, akaifuta hadi ikabaki kavu, akaipitisha kwenye pembe ambazo mabega ya watu yalizichubua.

"Uchafu una sheria zake," alinieleza. "Maji hayapandi mlima. Kutu haizuki katikati ya bati kama chunusi. Ukikosea hapo, umetengeneza uchafu wa uongo."

"Wenzako wanapaka rangi kuficha uzee," Shemeji akasema kutoka jikoni, "wewe unapaka uzee kuficha rangi. Ungeniomba mimi. Ninao wa kutosha na sitozi."

Kulikuwa na jambo Kipimo alilolitaka, nalo moja tu. Katika ukumbi wa kungojea wa lile jengo jipya, chama chetu cha wastaafu kilipewa kabati la kioo, tuweke kitu kimoja cha kumbukumbu. Alitaka kitu hicho kiwe stesheni yake, la sivyo ingeishia uvunguni mwa kitanda. Na mwenyekiti wa chama, mwenye neno la mwisho, alikuwa Mkuu.

Mkuu akaja Jumatano kukagua, mikono mgongoni kama zamani. Akalisifu paa. Akazihesabu ngazi. Akazunguka upande wa ofisi yake, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Doa, Mkuu."

"Naona ni doa. Linafanya nini hapa?"

"Lilikuwepo. Chini ya dirisha lako, kutoka kizingitini mpaka msingini. Nililijaribu kwa rangi, halikuleta sura. Nikatumia chai yenyewe."

"Ya rangi," nikaongeza. "Bila sukari."

Mkuu alinitazama kama aliyemkamata abiria bila tiketi. Kisha akavuta kiti, akashusha sauti.

"Jumamosi, kwenye uzinduzi, anayefunua kitambaa ni Nesi."

Nesi ni mkewe. Kazi yake ilikuwa uuguzi, na hata baada ya kustaafu hakuiacha. Tangu Mkuu alipoonekana ana sukari, kila siku saa kumi alimletea ofisini themosi ya chai chungu, naye akienda zake, Mkuu aliimwaga dirishani na kuagiza ya kantini, vijiko vinne. Themosi ilirudi tupu miaka kumi na tisa. Nesi alimsifia mtaa mzima: mwanamume akiambiwa, anasikia.

"Litoke," Mkuu akasema. "Lisipotoka, kabatini tunaweka kombe la kuvuta kamba."

Kombe lile tulilipata mwaka ambao wapinzani wetu walichelewa treni.

Alipoondoka, Kipimo akakaa mbele ya ukuta ule. "Nikilitoa hili," akasema, "kutu nayo ina haki gani ya kubaki? Litakuwa boksi la viatu lenye madirisha."

"Lakini ni ndoa ya mtu, bwana," nikamwambia.

"Ni ndoa ya mtu," akakubali, kwa shingo upande. Akakoroga chokaa, akalipaka.

Alhamisi ukuta ulikuwa mweupe pe. Ijumaa ukaanza kuwa na rangi ya jino. Akapaka tena, na tena. Jumamosi asubuhi akanigongea dirisha.

"Limerudi," alisema. "Na safari hii limekuja na ndugu zake."

Kweli, lilikuwa pana kuliko la kwanza, na kingo za manjano juu yake. Ndivyo ilivyo chai: ukiifunika kwa chokaa, inakunywa chokaa na kutokea upande wa pili. Hata lile la ukweli tulilipaka kila mkaguzi alipotangazwa, na kila mkaguzi akalikuta. Lakini gari la chama lilikuwa limeshafika mlangoni. Tukatupa kitambaa juu, tukaenda.

Ukumbini Nesi akakivuta kitambaa, watu wakaguna kwa furaha. Mzee mmoja wa mapokezi ya mizigo aligusa kioo akalia waziwazi. Nesi akazunguka taratibu, akiinama kila dirisha.

"Hili pazia la kijani nilishona mimi!"

"Ndiyo, mama watoto," Mkuu akasema haraka. "Njoo tukae, miguu yako."

"Miguu yangu mizima. Na hii michirizi hapa chini?" Akamgeukia Kipimo. "Fundi, hii ni mvua, sivyo?"

Mlango wa wokovu ulikuwa wazi. Mkuu alimkazia Kipimo macho, mimi nikamkanyaga mguu. Neno "ndiyo" lingetosha. Lakini mtu aliyepima mara tatu maisha yake yote, unamuuliza kama ametengeneza uchafu wa uongo!

"Mvua haiwezi, Nesi," akajibu, ameudhika kidogo. "Mvua ingeanzia paani. Hii inaanzia dirishani."

Nesi akatazama dirisha. Akatazama doa, rangi yake, upana wake. Kisha akamtazama mumewe, na ukumbi mzima ukasikia hesabu ikipigwa.

"Miaka kumi na tisa," akasema.

"Si kila siku, mama watoto."

"Siku zipi ulikunywa?"

Mkuu akafikiri kwa uaminifu. "Dirisha lilipokwama."

Wastaafu walicheka mpaka walinzi wakaja. Nesi hakucheka. Mkuu akatangaza kwamba kazi ile ina kasoro, irudishwe kwa matengenezo, kombe liletwe.

"Haitoki hapa," Nesi akasema. "Na upande huu uelekezwe mlangoni, kila anayeingia auone."

Akafungua mkoba, akatoa themosi, akamimina kikombe mpaka juu. Mkuu akakipokea, macho yakitembea ukutani kutoka kona hadi kona. Madirisha ya siku hizi hayafunguki. Akaanza kunywa, funda baada ya funda, uso umekunjamana, naye Nesi kashika themosi tayari kwa kikombe cha pili.

Kipimo akaligeuza jengo lake kama alivyoagizwa, akafunga kabati, akamkabidhi Nesi ufunguo. Mwenyekiti hakupinga. Alikuwa na chai mdomoni.