Blanketi la Sufuria

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua blanketi kitandani kwa mdogo wangu na kuifunika nalo sufuria ya maharage.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati ambapo upepo wa Sumbawanga hupita chini ya mlango na kuzunguka chumba kizima kabla haujaamua pa kutulia. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimemchukua Pasaka ile kutoka kwa shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ambaye alikuwa anakaa naye hapa mjini ili asome. Kusoma kwenyewe kulikuwa ni kufua nguo za nyumba nzima, kuchota maji, kukaanga vitumbua alfajiri na kuvipeleka kwa wateja kabla ya kengele ya shule, halafu kufungua daftari saa ambayo macho yake yalikuwa yanajifunga yenyewe. Niliposoma ripoti yake ya shule sikumuuliza mtu. Nilikwenda kumfuata.

Shangazi hakunizuia. Alisimama mlangoni, akaangalia viatu vyangu, akaangalia begi la mtoto, akasema, "Mchukue, baba. Utamrudisha mwenyewe kabla watu hawajamaliza kuvuna."

Nilimpigia mama, ambaye yuko kijijini upande wa Kaengesa. Mama si mtu wa maneno mengi. "Sawa," alisema. "Lakini ukishindwa, anarudi kwa shangazi yako. Sina pengine pa kumpeleka."

Basi nikaanza kubana matumizi. Wengine hubana kwa sababu hawana. Mimi sikuwa nacho pia, lakini nilibana kwa hasira. Kila nilipozima taa mapema nilimwona shangazi amesimama pale mlangoni akiangalia viatu vyangu. Kila kipande cha sabuni nilichokigandisha kwenye kipande kipya, nilikigandisha dhidi yake. Nilikuwa najua kwamba si vizuri kuishi hivyo, na nilikuwa naona raha.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio. Nina meza kwenye baraza la duka moja Majengo. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufungua simu zilizokufa na kupanga skrubu zake kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na mpaka leo skrubu moja ikikaa upande siwezi kuendelea na kazi. Kazi hiyo huleta hela leo na kesho haileti. Lakini chakula hakikuwa shida yetu kubwa. Mama alikuwa anatuma mahindi, maharage na unga wa ulezi kwa gari la asubuhi. Kilichokuwa kinatumaliza ni mkaa. Chakula tulipewa, moto tulinunua, na maharage ya nyumbani kwetu ni mazuri sana ila hayana haraka ya kuiva.

Siku moja nilipeleka uji wa ulezi hospitali kwa mpangaji mwenzangu aliyelazwa. Niliufunga mkebe wake kwa sweta langu ili usipoe njiani. Nilisubiri sana getini, nikasubiri tena wodini, na alipouonja uji ulimuunguza ulimi. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Kama joto linaweza kuzuiwa lisitoke, mkaa wa nini mchana kutwa?

Nikaanza majaribio. Maharage nayaloweka tangu jana, asubuhi nayachemsha yakitokota kwa nguvu, kisha naitoa sufuria jikoni ikiwa bado inaunguruma, naifunika, naifunga, naondoka. Jioni yanatakiwa yawe yameiva yenyewe. Kitu pekee kizito nilichokuwa nacho chumbani kilikuwa blanketi la mdogo wangu. Mimi nilikuwa najifunika shuka na koti.

Alipotoka shule alikuta kitanda kitupu na sufuria imevaa. Hakulalamika. Alikaa chini akiwa na sweta la shule, akaiegemea, akaweka miguu upande mmoja na mikono upande wa pili, akasoma hivyohivyo. Nilipomkuta nikafurahi. Niliona mtoto ana akili, anatumia joto lililobaki.

Shangazi alikuja bila taarifa, siku ambayo nilikuwa nimerudi mapema. Alibisha hodi na kuingia kwa wakati mmoja. Mdogo wangu alikuwa amesinzia amelikumbatia lile furushi.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Mgonjwa ni nani hapa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Aliyejifunika ni nani?"

Mdogo wangu akaamka. Huyu mtoto hajui kudanganya. "Ni maharage, shangazi," akasema.

Shangazi akaja, akafunua ncha ya blanketi kwa vidole viwili kama anayeangalia maiti, akafunika tena. "Pole zake," akasema. "Maharage yanalala kwenye blanketi, mtoto wa kaka yangu anakaa sakafuni. Haya, baba. Nimeona."

Alhamisi iliyofuata, kwenye sala ya jumuiya yetu ndogo, alisimulia. Mimi sikuwepo, lakini habari zilinifikia kabla sijafungua meza yangu kesho yake. Dereva wa bodaboda anayeegesha karibu yangu aliniuliza, "Mshikaji, mgonjwa kaamkaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Wa kwenye sufuria. Nasikia amelazwa."

Akina mama walionipita wakaniuliza kama maharage yamepata nafuu. Mwenye duka akasema nikinunua kitanda cha pili nimwambie, ana godoro la bei poa la mbaazi. Nilicheka nao. Skrubu zilinitoka mkononi zikaingia kwenye nyufa za baraza, na siku ile sikutengeneza kitu. Nilikaa nikifikiria shangazi, na namna ambavyo ningemfanya anyamaze mbele ya watu walewale aliocheka nao.

Halafu mama akapiga simu. Shangazi alikuwa amemweleza kwamba mtoto analala na baridi, anakula maharage mabichi, ananuka. "Zamu ya jumuiya kusali kwako ni lini?" mama akauliza. Nikamtajia Jumamosi ile ya mbele. "Nitakuja siku hiyo. Nitaangalia mwenyewe. Nikikuta ni kweli, nitamwacha kwa wifi yangu nikiwa narudi."

Lile la kunuka lilikuwa kweli. Mdogo wangu alikuwa ameshaniambia. Wenzake darasani walikuwa wanavuta pua akipita na kuuliza leo ni mboga gani. Aliponiambia nilikuwa natia nyuzi kwenye spika, na nilimjibu bila kuinua kichwa: "Vumilia. Wewe si wa kwanza kupata shida." Baada ya ile simu ya mama, maneno hayo yalinirudia. Hayakuwa yangu. Ndivyo shangazi alivyokuwa akimwambia juu ya vile vitumbua vya alfajiri, neno kwa neno, na mdogo wangu alikuwa amenisimulia mwenyewe. Nilitaka kumshinda shangazi, na katika kujitahidi nilikuwa nimemfungulia tawi chumbani kwangu.

Jioni ileile nilifua blanketi na kulianika kwenye upepo. Kisha nikaomba kwa muuza nyanya tenga lake lililopasuka, nikaenda kwa fundi cherehani nikakusanya vipande vya vitambaa alivyokuwa anavitupa, nikachukua maganda makavu ya mahindi kwa jirani aliyekuwa amemaliza kupukuchua. Nikapanga maganda chini na pembeni, vitambaa juu yake, nikaacha shimo la ukubwa wa sufuria, nikashona mto mnene wa kufunika. Niliushona nikaufumua, nikaushona tena, kwa sababu pembe moja ilikuwa inaacha nafasi.

Na bado maharage hayakuiva. Nilikuwa nafunga tenga asubuhi, nakwenda Majengo, naanza kuwaza kwamba mto haukukaa sawa, narudi mchana, nafunua, nachungulia, nafunga. Jioni tulitafuna maharage vuguvugu yaliyokuwa yanalia menoni. Siku ya pili hivyohivyo. Nililaumu maganda, nikalaumu sufuria, nikalaumu mbegu.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "kila ukifunua unalitoa joto. Unajua, si ndiyo?"

"Naangalia kama linafanya kazi."

"Lilikuwa linafanya kazi mpaka ulipokuja."

Kesho yake aliuficha ufunguo wa chumba kwenye soksi yake, akaondoka nao shuleni. Nilihangaika juu ya baraza kama mwenye mkojo. Jioni tulifunua pamoja. Maharage yalikuwa laini, mchuzi mzito, na mvuke ulimpanda usoni akafumba macho.

Jumamosi niliamka mapema nikachemsha makande, mahindi yaliyokobolewa na maharage, sufuria kubwa ya kuazima, nikalipanua shimo la tenga na kuifungia humo. Nikazima jiko, nikamwaga majivu, nikaliosha jiko lenyewe na kuliegesha ukutani mdomo ukiwa wazi, ili kila anayeingia alione ni safi na baridi. Sitasema nilifanya hivyo kwa usafi. Nilitaka shangazi alione.

Mama alifika na gari la asubuhi akiwa na gunia dogo la unga wa ulezi. Aliliweka nje ya mlango, hakuliingiza ndani. Niliona. Gunia la nje ni rahisi kulibeba tena.

Wanajumuiya walikuja mchana, wakabanana kwenye mikeka. Shangazi aliingia wa mwisho, akaliangalia jiko, akaniangalia mimi. "Moshi hauonekani," akasema kwa sauti ya kusikika. "Leo tunashiba sala, au?"

Watu wakacheka kidogo. "Kaa, wifi," mama akasema. Hakucheka.

Tulisali. Mimi nilisali nikiangalia mto wa tenga, nikimwomba Mungu vitu ambavyo mtu hapaswi kumwomba, kwamba jasho limtoke shangazi, kwamba akose pa kuangalia. Baada ya baraka nikalivuta tenga katikati ya chumba, nikautoa mto, nikafunua sufuria. Mvuke ulipanda ukafika darini. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mstaafu asiyependa utani, akainuka na kwenda kuligusa jiko kwa kiganja.

"Limepoa kabisa," akasema. "Hiki chakula kimepikwa wapi?"

"Humohumo kwenye tenga, mzee."

"Kwa moto gani?"

"Wa asubuhi."

Nikapakua. Shangazi nilimpa sahani iliyojaa, nikasimama pale mpaka aonje. Makande yalikuwa yameiva mpaka mahindi yalipasuka. Alikula polepole. Alipomaliza sikumuuliza kama anaongeza. Nilichukua sahani nikaijaza tena, nikamrudishia mbele ya watu walewale wa Alhamisi, na akaila yote. Dereva wa bodaboda, ambaye mkewe ni mwanajumuiya na alikuwa amemfuata kwa ajili ya harufu, akasema, "Mgonjwa kapona huyu." Walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwenye harusi ya mtu.

Lakini mama hakuwa amekuja kuangalia makande. Alikuwa amekaa kitandani kwa mdogo wangu, na nilimwona akipapasa blanketi kwa kiganja, akaliinua, akalinusa.

"Unalala na hili?" akamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Shangazi yako anasema ni la sufuria."

Nilishika mwiko nisijue la kufanya nao. Mdogo wangu aliniangalia, kisha akamwangalia shangazi. "Mwanzoni lilikuwa la sufuria kweli," akasema. "Nilipata baridi. Na shuleni walinicheka. Sasa ni langu." Nikadhani amemaliza. "Kwa shangazi nilikuwa na mablanketi mawili, mama. Ila sikuwa na muda wa kulala."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtoto anayejibu swali darasani. Shangazi aliweka sahani chini, akatafuta kanga yake ambayo ilikuwa begani mwake muda wote. Hakuna aliyemsaidia kuitafuta. Mimi nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia siku ile, nimeyapanga kama skrubu, wiki nzima. Sikuhitaji hata moja, na mpaka leo yananiuma kidogo kwa kubaki.

Mama alitoka nje. Alirudi amebeba lile gunia la unga, akalipitisha katikati ya watu, akaliweka chini ya meza yangu. "Huo ni wa watu wawili," akasema. "Msiumalize haraka."

Wiki zilizofuata akina mama wa jumuiya walikuja mmoja mmoja kuuliza habari ya tenga. Niliwafundisha wote. Niliwaonyesha maganda yanavyopangwa, nikawashonea mto wa kwanza, nikawaambia wasichungulie. Shangazi hajauliza. Ili ajue, lazima aniulize mimi, kwa sababu nimewaomba wote wasimwambie, na wamekubali kwa urahisi ambao hata mimi ulinishangaza. Nikipita kwake alasiri naona moshi wa maharage unatoka uani, saa baada ya saa, na gunia la mkaa limesimama mlangoni. Huwa napunguza mwendo. Jibu lake nimeshaliandaa: mgonjwa hapokei wageni.

Siku hizi mdogo wangu yuko kidato cha nne na bado anaishi hapa. Blanketi halitoki kitandani kwake. Nikishafunga tenga asubuhi, sirudi kulichungulia.