Maji ya Kupeleka Kwenye Maji

Mwaka ule baada ya nzige, mvua ilitupita sisi wa upande wa Migwani, na mashimo ya maji tuliyochimba kwenye mchanga wa mto yakakauka moja baada ya jingine. Baba alikuwa mbali, kibarua kwenye shamba la mkonge. Mama akasema tutapanda mlimani, kwenye ziwa dogo lililo katikati ya miamba. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mdogo wangu wa kike sita, na sote wawili tulinuna tangu mlangoni.

Mama alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akabeba vibuyu vitupu. Kibuyu kilichokuwa na maji, aliyoyakwangua mtoni tangu alfajiri, alinibebesha mimi, ukanda wa ngozi ukinipita kwenye paji la uso. Mtoto alikuwa na homa na hakuwa amekojoa tangu jana yake. Maziwa ya mama yalikuwa yanakatika.

"Hayo ni ya kunywa mimi, ili huyu anyonye," aliniambia. "Msiyaguse."

Jua lilipopanda, ukanda ukaanza kunikata. Nilikuwa mtoto wa hasira, na hasira yangu haikukosa hoja: mjinga gani hubeba maji kuyapeleka kwenye maji? Mama alipotangulia nyuma ya mwamba, nilichomoa kizibo cha majani nikamwaga yote. Upepo ukapeperusha majani yale, nikaziba kwa nyasi. Mdogo wangu aliniona. Nikamkodolea macho, akanyamaza.

Tulipopumzika, mama alinivua ukanda, akaegemeza kibuyu kwenye jiwe. Nilingoja aombe maji, lakini hakuomba. Alitazama njia tuliyotoka, kisha akatazama juu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mtoto hakuwa analia tena.

"Twendeni," akasema, na kuanzia hapo alitembea haraka mno, tukawa tunamkimbilia.

Ziwa halikuwapo. Palikuwa na tope lililopasuka na alama za kwato. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama aliniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi na wa moto. Akazunguka miamba hadi alipoona nyasi mbichi, akapiga magoti, akachimba kwa kata yake ya kipande cha kibuyu kama tulivyochimba mtoni. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi begani. Maji yalikuja polepole, meusi. Akayachuja kwa pembe ya shuka, akanywa yeye kwanza, mara tatu, sisi tukimtazama. Ndipo akamchukua mtoto, akampa titi. Ilichukua muda kabla ya kumsikia akimeza.

"Mwaitu," nikamwita, kama tulivyomwita mama kwetu, "yale maji..."

"Mimi niliziba na majani ya mbaazi," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe umeziba na nyasi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekaa chini ulie. Kurudi kulikuwa mbali kuliko kufika. Nilihitaji miguu yako."

Alitunywesha, akajaza vibuyu kata kwa kata, akaniwekea ukanda kwenye paji la uso. Sikunung'unika.

Tukiwa katikati ya mteremko, mtoto alimkojolea mama mgongoni. Mama alisimama, shuka ikichuruzika, akacheka peke yake. Mimi ndipo nikakaa chini nikalia.